Nyufa kwenye Boneti ya Gari la Michezo na Rangi Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanawahusu wenye magari ya michezo waliokuta mistari kwenye boneti, pamoja na mafundi wa bodi wanaoulizwa kila mara kama mistari hiyo inaweza kuondoka. Boneti za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini (gundi ya maji inayokauka na kuwa ngumu), zimepewa nafasi kubwa kuliko za chuma au alumini, kwa sababu ndizo zinazopasuka kwa namna nyingi zaidi na ndizo zinazokarabatiwa vibaya mara nyingi zaidi. Rangi kwa kawaida inaonyesha tu kilichotokea chini yake, kwa hiyo anayeanza na rangi ameanzia mwisho wa kazi.

Nitajuaje kama ufa uko kwenye rangi tu au umefika kwenye boneti yenyewe?

Osha boneti kwa sabuni, ikaushe, kisha ifute kwa dawa ya kuondoa nta na mafuta ili uchafu uliojikusanya ndani ya mistari usikudanganye. Washa tochi na uilaze karibu usawa na uso wa boneti ili mwanga upite kwa mshazari. Ufa wa klia peke yake, yaani lile tabaka angavu la mwisho, huonekana kama uzi mwembamba unaong'aa ukitazamwa kutoka upande mmoja na kutoweka ukihamia upande mwingine. Ufa uliotoka chini huwa na kingo mbili zinazoonekana, na aghalabu ukingo mmoja umeinuka kiasi cha kukwaruza ukucha ukiupitisha polepole.

Baada ya hapo fungua boneti na uchunguze upande wa chini, mahali palepale. Kwenye faiba, resini iliyovunjika hugeuka nyeupe, hivyo alama nyeupe chini ya mstari unaouona juu ni dalili ya wazi. Mwombe mwenzako abonyeze kwa kiganja, sentimita chache kutoka kwenye ufa, wakati wewe unautazama; ukifunguka na kujifunga, tatizo limo ndani ya boneti. Unaweza pia kugonga kwa ukingo wa sarafu, ukianzia mahali pazima na kusogea kuelekea kwenye ufa. Sehemu nzima hutoa sauti kali na fupi, lakini pale ambapo matabaka yameachana sauti hufifia na kuwa butu. Mipaka ya badiliko hilo ichorwe kwa penseli, kwa maana ndiyo mipaka ya kazi yako, na mara nyingi ni mipana kuliko ufa unaoonekana.

Shaka ikibaki, piga msasa wa namba 320 kwenye eneo dogo, tabaka moja baada ya jingine. Mstari ukipotea pamoja na klia au pamoja na rangi, una bahati. Ukiendelea kuonekana hata praima, yaani rangi ya msingi, ilipokwisha, hakuna tena mjadala.

Nitatambuaje boneti yangu imetengenezwa kwa nini?

Anza na sumaku iliyofungwa kwa kitambaa laini. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, kwaruza kidogo kwa msasa mahali pasipoonekana, upande wa chini karibu na ukingo. Alumini huonyesha metali nyeupe inayong'aa, faiba hutoa vumbi jeupe au la kijivu, na kaboni hutoa vumbi jeusi.

Usikisie kwa jina la gari. Chevrolet Corvette imekuwa na bodi ya faiba na jamaa zake tangu 1953, Honda NSX iliyotoka 1990 ilikuwa na bodi nzima ya alumini, na Mazda MX-5 ya kwanza, ya 1989, ilikuwa na bodi ya chuma iliyovishwa boneti ya alumini. Zaidi ya hayo, boneti ndiyo sehemu ambayo wapenzi wa magari haya hupenda kuibadilisha, hivyo gari la chuma linaweza kuwa na boneti ya faiba iliyowekwa na mmiliki aliyetangulia bila kuandikwa popote.

Mchoro wa nyufa unaeleza nini kuhusu chanzo chake?

Unaeleza mengi, na fundi mzoefu huusoma kabla ya kugusa chombo chochote. Nyufa zinazotawanyika kutoka kwenye kitovu kimoja hutokana na pigo, na kwenye faiba pigo hilo huenda lilitoka chini, kwa mfano kifaa kilichosahaulika juu ya injini kabla boneti haijafungwa. Mistari kadhaa inayokwenda sambamba inaonyesha kwamba boneti inapinda mahali hapo mara kwa mara. Mstari mmoja unaoanzia kwenye kona ya tundu la kuingizia hewa ni wa mkazo: kona kali hukusanya nguvu zote za mtikisiko mahali padogo, na nyenzo yoyote huchoka hapo kwanza. Duara la nyufa kuzunguka bolti ya bawaba linamaanisha kwamba bolti ilikazwa kupita kiasi au haina washa pana ya kusambaza mkazo.

Mstari mrefu ulionyooka ni wa kuangaliwa kwa makini. Boneti nyingi ni vipande viwili, ngozi ya juu na fremu ya ndani, vilivyounganishwa kwa gundi. Mstari unaofuata umbo la fremu hiyo huashiria gundi iliyoachia au iliyokauka na kuvuta ngozi ya juu. Huo hauponi kwa kazi yoyote ya upande wa juu.

Mwisho kuna nyufa zilizoenea pande zote kama tope lililokauka, zisizo na mwanzo wala mwelekeo. Hizo ni za rangi yenyewe, na sababu zake zimeelezwa katika jibu linalofuata.

Kwa nini rangi ya boneti hupasuka mapema kuliko ya milango au fenda?

Boneti inalala juani. Inapokea joto kutoka juu na kutoka kwenye injini kwa wakati mmoja, kisha inapozwa ghafla na mvua au maji ya kuoshea. Boneti ya rangi nyeusi ikiwa juani inaweza kupita nyuzi joto 70. Mionzi ya jua huivunja klia kidogo kidogo hadi inapoteza unyumbufu, na boneti yenyewe inatikisika, inafunguliwa na kupigwa inapofungwa. Hakuna sehemu nyingine ya gari inayopata yote hayo pamoja.

Sababu nyingine, ambayo wengi hawaipendi kwa sababu ni ya mikono ya binadamu, ni unene. Rangi ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, kwa kawaida huwa kati ya mikroni 100 na 150 (mikroni 1,000 ni milimita moja). Gari la michezo la umri mkubwa huwa limepigwa rangi mara mbili au tatu, kila mmiliki akiongeza juu ya iliyokuwepo, na kila tabaka jipya linatanuka na kusinyaa kwa kiwango chake. Rangi ikishapita mikroni 300 hivi, kuongeza tabaka jingine ni kuagiza nyufa mapema. Kipima unene cha kawaida hufanya kazi juu ya chuma na alumini tu. Juu ya faiba au kaboni kinahitajika kile kinachotumia mawimbi ya sauti.

Hadina, yaani dawa ya kugandisha rangi au resini, ikizidi au ikipungua, au tabaka likiwekwa juu ya lingine ambalo tina yake (kiyeyusho) haijatoka, matokeo huwa yaleyale, ila huchelewa kuonekana.

Je, siwezi kuujaza ufa kwa puti kisha nikapiga rangi juu yake?

Hapana. Puti hujaza mashimo madogo na kunyoosha uso, lakini haina nyuzi za kuvuta pande mbili za ufa zikae pamoja. Boneti ikipinda, puti itapasuka palepale, na mara hii ikiwa na rangi mpya juu yake.

Ufa ulikarabatiwa vizuri, lakini umerudi baada ya miezi michache. Kuna nini?

Kabla ya kumlaumu fundi wa rangi, chunguza kinachoisukuma boneti. Funga boneti taratibu na utazame kama inakaa juu ya mipira yake yote kwa wakati mmoja. Mpira mmoja ukiwa umekatika au umeshushwa sana, kona hiyo itacheza kila gari linapopita kwenye matuta. Angalia kama loki inaivuta boneti kwa upande badala ya kuivuta moja kwa moja chini. Angalia bawaba kama zimelegea au zimekaa kwa mshazari. Ikiwa boneti ya asili ilikuwa ya chuma na sasa ni ya faiba nyepesi, silinda za gesi zinazoiinua zinaweza kuwa na nguvu kupita kiasi, na hapo boneti hujipinda karibu na bawaba kila inapofungwa. Tabia ya kuifunga kwa kubonyeza kidole gumba katikati, badala ya kutumia viganja viwili karibu na loki, nayo imetengeneza nyufa nyingi.

Sababu ya pili iko kwenye ukarabati wenyewe. Ufa una mwisho unaoonekana na mwisho wa kweli, na wa kweli uko mbele zaidi. Njia nyepesi ya kuutafuta kwenye faiba iliyoondolewa rangi ni kupangusa asetoni kwa kitambaa safi na kusubiri: uso unakauka kwa sekunde chache, lakini asetoni iliyoingia ndani ya ufa hukawia, ikiacha mstari mweusi mwembamba unaoonyesha ufa unapoishia. Anayekata hadi mwisho wa macho tu ameacha mbegu ndani.

Sababu ya tatu ni haraka. Resini na puti huendelea kusinyaa baada ya kuonekana kavu, na rangi iliyopigwa mapema mno huonyesha mipaka ya ukarabati kama kivuli, hata pale ambapo hakuna ufa mpya.

Boneti ya faiba hukarabatiwaje, hatua kwa hatua?

Ondoa kwanza rangi katika eneo pana, angalau sentimita 10 kupita mipaka uliyoichora kwa sarafu. Tumia msasa wa namba 80 na kisha 120, au wembe mpana unaoshikwa kwa subira. Dawa za kawaida za kuyeyusha rangi ziepukwe, kwa kuwa zinaweza kushambulia gelikoti (tabaka la juu la resini lisilo na nyuzi) na resini na kuingia kwenye nyuzi, kisha zikatoka baadaye chini ya rangi mpya. Kupuliza mchanga nako huharibu uso wa faiba.

Toboa tundu la milimita 3 mbele kidogo ya mwisho wa kweli wa ufa, kila upande, ili kuuzuia usiendelee. Hakikisha boneti imekaa katika umbo lake sahihi, ikiwezekana ikiwa imefungwa kwenye gari au imeegemezwa kwa vibao, kwa sababu umbo lolote itakalokuwa nalo resini inapokauka ndilo itakalobaki nalo.

Inapowezekana, anza upande wa chini. Kwaruza kwa msasa wa namba 40 au 60 hadi uso uwe butu kabisa, ufute kwa asetoni, acha ikauke, kisha laza tabaka mbili au tatu za kitambaa cha faiba zilizolowanishwa kwa resini, ukitoa mapovu kwa rola ndogo au brashi ya kugongea. Kiraka hiki cha nyuma ndicho kitakachobeba mzigo. Fremu ya ndani ikikuzuia kufika, huenda ukalazimika kuikata sehemu na kuirudisha kwa gundi. Ni kazi ya kuchosha, lakini kuiruka ni kuliacha tatizo pale lilipo.

Upande wa juu, fungua ufa kwa grenda ndogo kuwa bonde lenye miteremko mirefu. Hapa ndipo wengi wanapobana. Mteremko unaotakiwa kwa ufa uliopenya ni takriban mara 12 ya unene, maana yake boneti yenye unene wa milimita 3 inahitaji mteremko wa milimita 36 kila upande wa ufa. Linaonekana jeraha kubwa kwa ufa mwembamba kama unywele, na mwenye gari akisimama pembeni lazima atashtuka, lakini kiungo cha faiba kinashikwa na upana wa eneo la kugusana, wala si kina cha shimo. Endelea kukata hadi weupe wote wa resini iliyovunjika uishe na ubaki na rangi moja ya nyenzo nzima.

Laza kwanza kipande kikubwa kinachofunika mteremko wote, kisha vipande vidogo zaidi juu yake. Wapo mafundi wanaoanza na kidogo, na kazi zao zinasimama. Hata hivyo, ukianza na kikubwa, msasa wa mwisho utakula vile vidogo vya juu na kukiacha kizima kile kinachoshika kingo. Jaza hadi kupita kidogo usawa wa boneti, acha ikauke, kisha sawazisha kwa kibao kirefu cha msasa, kamwe si kwa vidole, kwani vidole huchimba mabonde ambayo rangi yenye kung'aa itayatangaza.

Kabla ya puti ya mwisho na praima, pasha eneo hilo moto wa wastani, kati ya nyuzi 50 na 60, kwa saa kadhaa kwa taa maalumu au juani. Kusinyaa kulikobaki kutokee wakati huu, ambapo bado kunaweza kurekebishwa.

Nitumie resini ya poliesta au epoksi?

Kwa boneti ya faiba ya zamani iliyolazwa kwa mkono, poliesta inafaa, ni nafuu na inakauka haraka. Epoksi inashika vizuri zaidi juu ya nyenzo iliyokwisha kukauka, na katika ukarabati kila kitu kimekwisha kukauka, kwa hiyo kwa ufa uliopenya epoksi ni chaguo bora. Kwa paneli za faiba zilizoshindiliwa kwa joto kiwandani, ambazo ni laini pande zote mbili, epoksi au gundi maalumu ya sehemu mbili ni ya lazima, kwani poliesta ya kawaida huzishika vibaya.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia. Mkeka wa faiba wa nyuzi zilizokatwakatwa kwa kawaida hushikiliwa na gundi inayoyeyuka ndani ya poliesta, haiyeyuki ndani ya epoksi. Ukichagua epoksi, tumia kitambaa kilichofumwa. Poliesta hupokea hadina ya asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake, na kiasi hicho kinaweza kurekebishwa kidogo kulingana na joto la siku, lakini uwiano wa epoksi na hadina yake haubadilishwi hata kidogo, kwa kuwa kuongeza hadina hakuharakishi, kunaacha mchanganyiko laini usiokauka kamwe. Na epoksi nyingi huacha utando kama nta juu yake zinapokauka: uoshe kwa maji na sifongo ngumu kabla ya msasa, la sivyo rangi haitashika.

Nyufa ni ndogo na ziko kwenye gelikoti tu. Je, nazo zinahitaji kazi yote hiyo?

Hazihitaji nyuzi mpya, mradi sarafu na kiganja vimethibitisha kwamba chini ni pazima. Hata hivyo kila ufa ufunguliwe kuwa bonde dogo kwa ncha kali au kwa drili ndogo ya mkono, usafishwe, kisha ujazwe epoksi iliyoongezewa unga wa kuikaza. Zikiwa nyingi na zimekaribiana, ni rahisi zaidi kuondoa gelikoti yote ya eneo hilo kuliko kufukuza mmoja mmoja.

Boneti za alumini na chuma zinafuata utaratibu gani?

Ngozi ya chuma ni nadra kupasuka. Mistari juu ya boneti ya chuma karibu kila mara ni puti ya zamani iliyochoka, na dawa yake ni kuiondoa hadi kwenye chuma, kunyoosha upya, na kutumia puti kidogo iwezekanavyo. Kinachopasuka ni fremu ya ndani karibu na loki na bawaba. Hapo huchomelewa kwa vituo vifupi ili joto lisipinde ngozi ya juu, kisha ndani hupuliziwa nta ya kuzuia kutu.

Alumini hupasuka kwa uchovu, na hupasuka pia mikononi mwa anayeinyoosha ikiwa baridi, kwa sababu kila kipigo huifanya iwe ngumu na yenye kuvunjika. Ufa mfupi kwenye fremu unaweza kuchomelewa kwa mtambo wa gesi ya agoni na fundi anayeifahamu alumini. Boneti nyingi za alumini ni za aina iliyoimarishwa kwa joto, nayo hupoteza sehemu ya nguvu yake kando ya mchomeleo. Kwa hiyo ufa ulio kwenye ukingo uliokunjwa au karibu na loki unanielekeza kwenye boneti nyingine badala ya ukarabati. Brashi na misasa ya alumini isitumike kwenye chuma, kwani chembe za chuma zilizozama ndani yake huanzisha uozo chini ya rangi. Uso uliosafishwa upigwe praima ya epoksi siku hiyohiyo, kabla utando wa oksidi haujanenepa.

Na boneti ya kaboni inayoonyesha nyuzi zake?

Tenganisha uharibifu wa klia na wa nyuzi. Klia iliyopasuka au iliyogeuka njano inaweza kupigwa msasa na kupuliziwa upya kwa klia yenye kinga dhidi ya mionzi ya jua. Tazama maji ya msasa: yakiwa meupe uko kwenye klia, yakigeuka meusi umefika kwenye nyuzi na inabidi uache mara moja, kwa sababu mfumo wa nyuzi uliokatwa haurudi.

Ufa uliokata nyuzi unaweza kuimarishwa kutoka chini kwa kitambaa cha kaboni na epoksi, na boneti ikarudi kuwa imara, lakini kovu litaonekana juu. Kupanga kiraka ili mfumo wake uungane na wa zamani kunawezekana, ila anayetazama kwa karibu atakiona. Chaguo la kweli ni kukubali kovu, kupiga rangi juu ya kaboni, au kununua boneti nyingine. Kumbuka pia kwamba kaboni ikigusana na alumini penye unyevu huila alumini, hivyo panapofungwa vipande vya alumini pawekwe tabaka la faiba ya kioo katikati. Vumbi lake hupitisha umeme. Liwe mbali na betri na nyaya.

Je, ninaweza kuendelea kuendesha gari wakati nasubiri ukarabati?

Ufa ukiwa wa rangi, ndiyo. Ukiwa karibu na loki au bawaba, hapana, kwani boneti inayofunguka kwa upepo wa mwendo kasi hupiga kioo cha mbele na kumziba dereva macho.

Rangi hupigwaje juu ya ukarabati ili mistari isijitokeze tena?

Praima ya epoksi huanza, ili kuziba faiba, puti na kingo za rangi ya zamani chini ya utando mmoja. Juu yake hupigwa praima nzito ya kujazia, tabaka mbili au tatu, kila moja ikipewa muda wa kutoa tina. Ikishakauka, puliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi na upige msasa kwa kibao, namba 320 na kisha 500. Weusi unaobaki unaonyesha mabonde, na metali tupu au puti inayojitokeza inaonyesha vilima. Kwa rangi zenye chembe za metali maliza na namba 600, kwa kuwa mikwaruzo mikubwa huonekana kupitia chembe hizo.

Rangi yenyewe hupigwa kwa tabaka nyepesi, mbili au tatu, hadi praima isionekane, zikipishana kwa dakika 10 hadi 15 au kama maelezo ya kopo yanavyosema. Klia hupigwa tabaka mbili juu ya boneti yote, kutoka ukingo hadi ukingo. Kuikomesha klia katikati ya boneti na kuichanganya na ya zamani ni mtindo unaopendeza siku ya kukabidhi gari, kisha jua huufichua mpaka huo.

Joto la karakana liwe karibu nyuzi 20, na boneti yenyewe isiwe na baridi kuliko hewa, kwa sababu unyevu usioonekana chini ya praima ya faiba hutokea baadaye kama malengelenge.

Rangi mpya itafanana na ya fenda?

Namba ya rangi iliyo kwenye kibao cha gari ni mwanzo tu, kwa kuwa rangi ya fenda imeshapauka kwa miaka. Piga rangi kwenye kadi, iwekee klia, iache ikauke, kisha iweke juu ya fenda ukiitazama juani kutoka pembe mbalimbali. Rangi za metali na lulu hubadilika kwa shinikizo la hewa na umbali wa bunduki, hata kopo likiwa lilelile. Mara nyingi inabidi kuififisha rangi kidogo kuingia kwenye fenda zote mbili na kuzipiga klia nzima. Wenye magari huona ni ujanja wa kuongeza bili. Kwa rangi za fedha na za lulu, si ujanja.

Makopo ya kupuliza kwa mkono yanatosha?

Yanatosha kwa praima, kwa upande wa chini na kwa madoa madogo. Klia ya kawaida ya kopo haina hadina, hivyo huyeyushwa na petroli na hufifia mapema. Yapo makopo yenye hadina ndani inayofunguliwa kwa kitufe chini. Hayo ni bora, lakini yana sumu ileile ya klia ya karakana.

Ni hatari gani za kiafya ninazopaswa kuzijua?

Hadina za klia na praima nyingi zina kemikali ziitwazo isosayanati, ambazo zikivutwa zinaweza kusababisha pumu ya kudumu, na mtu aliyekwisha kudhurika huathiriwa hata na kiasi kidogo sana. Wapulizaji wa kila siku huvaa maski inayopokea hewa safi kutoka nje. Kitambaa puani si kinga ya aina yoyote. Hadina ya poliesta ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo vaa miwani, na ikitokea, osha kwa maji mengi kwa dakika 15 angalau ukielekea hospitali. Hadina hiyo isichanganywe kamwe moja kwa moja na kichapusho cha kobalti, kwa kuwa hulipuka; kobalti huingizwa kwenye resini kwanza, na resini nyingi za dukani tayari zinayo.

Usiache resini nyingi iliyochanganywa ndani ya kikombe: hujipasha moto hadi kufuka moshi. Vumbi la faiba na kaboni lidhibitiwe kwa maji au kifyonza vumbi, pamoja na maski ya chembechembe na mikono mirefu.

Baada ya kupiga rangi, ni lini ninaweza kupolishi, kuosha na kupaka nta?

Klia yenye hadina iliyokaushwa kwa joto la tanuri inaweza kupigwa msasa wa maji wa namba 2000 na 3000 na kupolishiwa siku inayofuata. Iliyokauka kwa hewa tupu ipewe siku kadhaa zaidi. Kuosha kwa mkono, kwa maji baridi na sabuni laini, kusubiri wiki moja. Nta na mipako ya kuzuia hewa isubiri siku 30 hadi 90 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji wa klia, kwa kuwa tina iliyobaki inahitaji njia ya kutoka. Katika kipindi hicho funga boneti kwa viganja viwili juu ya loki, na baada ya safari chache za kwanza kagua tena ukazaji wa bolti za bawaba na urefu wa mipira, kwani boneti iliyotolewa na kurudishwa husogea kidogo inapozoea mahali pake.